Kinjeketile na Tarehe za Vita

Wanafunzi wetu hapa Ganjoni huuliza kama Ebrahim Hussein ameipotosha historia katika tamthilia yake ya Kinjeketile (1969). Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905; wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Mahenge tarehe 30, naye keshakufa. Katika tamthilia anaishi hata baada ya kushindwa, kisha anashurutishwa akane nguvu ya maji. Anakataa. Bila ya uhuru huo wa mtunzi mchezo haupo, kwani aliyekwisha kunyongwa haulizwi habari za maiti waliolazwa na bombomu. Hata hivyo swali la wanafunzi lina haki yake: jina lililotumiwa ni la mtu, si la mhusika tu.