Pumzi ya Silinda Kumi

Barabara ya Bugeshi inaanzia chini, Gisenyi nchini Rwanda, karibu na maji ya Ziwa Kivu yaliyo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ukikaribia soko la Kabuhanga, mpakani na Kongo, umeshavuka mita 2,000, volkano ya Nyiragongo upande mmoja na ya Karisimbi upande wa pili. Nilipanda huko ndani ya Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ile isiyo na tabo. Kilimani dereva akarudisha gia ya pili, moshi mweusi ukatuandama, naye akasema bila kugeuka: "Huku hewa ni nyepesi, mwalimu. Gari linahema."

Neno hilo, kuhema, likanikumbusha injini nyingine ya Toyota ninayoijua kwa michoro, takwimu na rekodi za sauti tu. Ni 1LR-GUE, V10 ya Lexus LFA, iliyoundwa na Toyota pamoja na Yamaha. Ina lita 4.8 na nguvu za farasi 560. Ile 1HZ iliyotupandisha ina lita 4.2 na nguvu zisizozidi 135. Zote mbili hazina tabo. Ukoo wao ni mmoja na sharti lao ni moja, ila tungo zao hazifanani hata kidogo.

Sharti lenyewe ni hili. Injini hula mafuta na hewa. Kuongeza mafuta ni kazi rahisi, hewa ndiyo yenye ubishi. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kushindilia hewa ndani ya silinda. Asiye na tabo huridhika na kile ambacho pistoni inavuta ikishuka. Lita 4.8 hubaki lita 4.8, kama mshororo wa mizani 16 unavyobaki na mizani 16 hata malenga akilia. Injini ikitaka zaidi itabidi izunguke haraka, ivute mara nyingi zaidi ndani ya dakika ile ile.

Tazama basi vipimo vya silinda. Katika V10 upana wake ni milimita 88, na pistoni hupanda na kushuka milimita 79 tu. Ni silinda fupi na pana. Ufupi huo unairuhusu pistoni kwenda na kurudi mara 150 kwa sekunde injini inapofika mizunguko 9,000 kwa dakika, na upana unaacha nafasi ya valvu kubwa za kupitisha hewa. Valvu hizo ni za titani, konrodi pia, kwa sababu katika kasi hiyo kila gramu inayokwenda na kurudi ni adui. Ile 1HZ ni kinyume chake: upana milimita 94, safari ya pistoni milimita 100. Huo ni mshororo mrefu wa kusemwa polepole, nao hutoa nguvu yake yote kwenye mizunguko 3,800. Hauna haraka, kwa maana mzigo wenyewe hauna haraka.

Ila uzuri wa V10 hii, kwangu mimi, uko kwenye pembe. Mistari miwili ya silinda tano imeachana kwa nyuzi 72. Kwa nini 72? Injini ya mipigo minne hukamilisha duru yake kwa nyuzi 720 za krenki. Gawa kwa silinda kumi, unapata 72 kamili. Kwa pembe hiyo milipuko hupishana kwa nafasi sawa bila kulazimisha krenki kwa ufundi wa pembeni. Pembe nyingine zimewahi kutumika kwenye V10, lakini hapa umbo na mdundo ni hesabu moja, kama vina vinavyoangukia mahali pake bila mtunzi kukata neno. Kwenye mizunguko 9,000 hiyo ni milipuko 750 kila sekunde. Sikio halihesabu tena milipuko, linasikia noti.

Noti hiyo haikuja kwa bahati. Yamaha ilianza na vinanda: mwaka 1887 Torakusu Yamaha alikarabati kinanda cha upepo kilichoharibika, na hadi leo nembo ya kampuni ni uma tatu za kupimia sauti. Kinanda cha upepo nacho ni hewa inayopitishwa penye upenyo. Watu wa Yamaha walilichonga tangi la kuvutia hewa la V10 kama mwili wa ala ya muziki, kisha sauti yake ikapelekwa ndani ya gari kwa mifereji, bila spika. Wapo watakaosema hayo ni mapambo. Mimi naona ni halali, maana kinachosikika ni pumzi yenyewe.

Kuhusu ile hadithi kwamba injini hupanda hadi 9,000 kwa sekunde 0.6, kiasi kwamba mshale wa kawaida ungeachwa nyuma na ikabidi dashibodi iwe ya skrini, muda huo naukubali. Masimulizi yaliyouzunguka yana harufu ya duka.

Kasoro ipo, nayo ni giaboksi. Ina klachi moja inayoendeshwa na mitambo, na hubadilisha gia kwa takriban sekunde 0.2. Ni muda mfupi kwa mwanadamu, mrefu kwa injini hii. Utungo unaoimbwa kwa noti moja hadi kileleni unakatwa katikati ya neno.

Sasa ipandishe Kabuhanga, kwa fikra tu. Kanuni ya mafundi ni kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Kwenye mita 2,200, farasi 560 wangebaki kama 440. Gari lenye tabo lingeshindilia hewa zaidi na kumficha dereva sehemu kubwa ya mlima. 1HZ haifichi chochote: pampu yake inapoendelea kumwaga dizeli kwa kipimo cha pwani, mafuta yasiyopata hewa hutoka kama ule moshi uliotuandama. V10, kwa vipima hewa vyake, ingepunguza petroli kimya kimya.

Lakini milipuko ingebaki 750 kwa sekunde. Mlima ungepunguza ukali wa sauti bila kugusa mizani wala kina. Hapo ndipo naliona umbo hili limefaulu: ukilinyang'anya robo ya pumzi, utungo unasimama vilevile. Gari lenyewe ni gumu kulitetea, kwani ni la watu wawili, halina pa kuweka gunia la viazi, na tumbo lake lisingevuka hata jiwe la kwanza la lava.

LFA zilitengenezwa 500 tu. Kila injini iliundwa na fundi mmoja aliyeweka saini yake juu yake, kama malenga wa kale alivyojitaja katika beti za mwisho. LFA ya mwisho ilikamilika Desemba 2012, na Lexus haijaunda V10 nyingine tangu hapo.