Piano Inapobisha Hodi: Vipimo Vitano vya Beethoven

Aliyewahi kuimba kwaya kwa solfa anazo nyenzo zote za kuelewa alichokifanya Ludwig van Beethoven mwanzoni mwa Koncheto yake ya Nne ya Piano, aliyoitunga kati ya 1805 na 1806. Utungo huu uko katika ufunguo wa G. Kwa hiyo do ni G, na B ni mi. Tuishike hiyo mi, maana ndiyo iliyobeba siri.

Koncheto humweka mpigaji mmoja mbele ya okestra nzima, na enzi zile ilikuwa na adabu yake. Okestra ndiyo mwenyeji. Huanza yenyewe, ikatandaza nyimbo kuu za sehemu ya kwanza, na mpiga piano hungoja kimya dakika kadhaa kabla ya kuingia kama mgeni rasmi. Mozart alikwisha kuuchokoza utaratibu huo mwaka 1777, pale piano ilipodakia katika kipimo cha pili cha koncheto yake ya tisa. Lakini hata yeye aliiachia okestra neno la kwanza.

Beethoven anaanza na piano peke yake, tena kwa sauti ya chini. Noti zinarudiwarudiwa mahali pamoja, mi-mi-mi-mi, kama mtu anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole, asiwaamshe watoto waliolala. Ni mdundo wa ukoo mmoja na ule wa Simfoni yake ya Tano, ambako noti tatu fupi humwangukia msikilizaji kama rungu. Huku zinaomba. Baada ya vipimo vitano piano inasimama juu ya so, na kila mwanakwaya anajua kwamba so iliyoachwa hewani inadai do.

Fidla na wenzake wanaitikia, ila wanaitikia kutoka nyumba ya pili. Badala ya kurudi G, wanaanza katika ufunguo wa B. Ile mi iliyokuwa juu ya noti zote piano ilipoanza sasa imegeuzwa do. Sikio linashtuka, lakini halikatai, kwa kuwa noti yenyewe linaifahamu tayari. Kisha hatua kwa hatua okestra inarudi G, na piano inanyamaza kwa karibu vipimo 70.

Nimeusikiliza mwanzo huu mara nyingi, na naamini upole wake ndio unaoubeba. Mruko kutoka G kwenda B ni mkubwa. Ungepigwa kwa nguvu ungesikika kama kosa, au kama majigambo. Kwa kuwa piano imenong'ona na fidla zinanong'ona zaidi, mruko ule unakuwa kama wazo lililomjia mtu ghafla, akaogopa kulitamka kwa sauti.

Sehemu ya pili ni fupi, vipimo 72 tu, katika E ndogo, yaani ngazi ya la. Ala za kupulizwa na ngoma zote zimenyamazishwa. Zimebaki ala za nyuzi, na zote zinapiga wimbo mmoja, nyembamba juu na nzito chini, kwa ukali na bila sauti ya pili wala ya tatu. Ni amri. Piano inajibu kwa sauti nne zilizopangwa kama tenzi za kanisani, polepole. Beethoven ameagiza ikanyagwe kanyagio inayosogeza nyundo ziguse uzi mmoja badala ya nyuzi tatu. Kwa hiyo upole wa piano haukuachwa kwenye vidole vya mpigaji peke yake. Umo ndani ya chombo chenyewe.

Kisha tazama jinsi vipande vinavyokatwa. Mwanzoni kila upande unamaliza kauli yake. Baadaye kauli za okestra zinafupishwa, ukali unapungua, mpaka ala zote za nyuzi zinabaki kuguna tu. Hapo ndipo piano inapofunguliwa, inarudishiwa nyuzi zake tatu na kulia kwa mtetemo mrefu, kabla ya kushuka tena. Haikushindana kwa sauti hata mara moja.

Sehemu ya tatu inaingia bila pumziko, nayo inaanza chinichini katika C, yaani fa, kana kwamba bado inautafuta mlango wa nyumbani. Tarumbeta na ngoma, zilizokaa kimya muda wote huo, zinasikika hapa kwa mara ya kwanza.

Ilipigwa hadharani kwanza tarehe 22 Desemba 1808, Theater an der Wien, Vienna, Beethoven mwenyewe akiwa kwenye piano. Tamasha lile lilichukua kama saa nne katika ukumbi wenye baridi kali, na ndani yake zilizinduliwa pia Simfoni ya Tano na ya Sita. Haishangazi kwamba utungo mpole kama huu ulifunikwa. Kwa miaka mingi ulipigwa kwa nadra, hadi mtunzi Mendelssohn alipouinua tena huko Leipzig mwaka 1836. Clara Schumann na Brahms waliutungia kadensa zao, vile vipande ambavyo mpiga piano hucheza peke yake.

Mlango ulikwisha kufunguliwa. Robert Schumann na Grieg waliita piano tangu vipimo vya mwanzo. Brahms, katika koncheto yake ya pili ya 1881, aliacha baragumu na piano vibadilishane maneno mwanzoni. Rachmaninoff, katika koncheto yake ya pili iliyopigwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 1901, aliiweka piano peke yake, ikaanza kwa kunong'ona.

Ukiipata rekodi ya koncheto hii ya Beethoven, usiongeze sauti ya redio mwanzoni. Shika mi yako, hesabu vipimo vitano, kisha sikiliza fidla zinaifanya nini.