Je, Myombekere ni Kitereza?

Wapo wasomaji wadaio kwamba Myombekere, mume aliyechelewa kupata mtoto katika riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ni Kitereza mwenyewe. Kwani naye na mkewe walizika watoto wao. Dhana hiyo yavutia, lakini yaipunguza kazi. Kitereza aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 ili mila za wazee zisipotee. Tazama majina ya watoto waliozaliwa hatimaye, Ntulanalwo na Bulihwali: yote mawili yanataja mauti na msiba. Majina ya namna hiyo hutungwa na jamii iliyozoea kuzika. Huzuni ile, basi, ni ya kisiwa kizima. Tena, mtu aliaye peke yake asingetumia kurasa zote zile kueleza utengenezaji wa pombe ya ndizi, faini waliyomtoza wakweze ili arudishiwe Bugonoka.