Kodi na Tingatinga: Tamthilia ya Kigogo na Mabadiliko ya Mji katika Machakos

Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea imekwisha kuhakikiwa mara nyingi, na karibu kila mara kwa mtazamo mmoja. Wahakiki wameitazama kama tamthilia ya uongozi: Majoka ni mtawala dhalimu, Tunu na Sudi ni watetezi wa haki, na Sagamoyo ni nchi yoyote ya Kiafrika iliyopata uhuru kisha wananchi wake wakanyimwa matunda yake. Mtazamo huo si wa makosa. Hata hivyo, umeliacha nyuma jambo lililo wazi mbele ya macho yetu, nalo ni kwamba mgogoro wa tamthilia hii unazuka kwa sababu ya kipande cha ardhi ya mjini. Soko la Chapakazi limefungwa, na mahali pake Majoka anataka kujenga hoteli ya kifahari. Makala haya yanakusudia kuisoma Kigogo kama tamthilia ya mji unaojengwa upya, na kuipima kwa mambo yaliyotokea katika eneo la Machakos. Tutadai kwamba mwandishi ameiona vizuri nguvu inayobomoa, lakini hakuiona nguvu ya pili inayowaondoa watu mjini bila kubomoa chochote mbele yao. Na kwamba upungufu huo umetokana na fani aliyoichagua.

Hebu tuanze na ubora wa kazi yenyewe. Sababu inayotolewa hadharani ya kulifunga soko ni uchafu. Sudi na Ashua wanafahamu, na hadhira inafahamishwa, kwamba wachuuzi hao hao walikuwa wakitozwa kodi ya soko bila soko kusafishwa. Hapa mwandishi amegusa jambo la kweli kabisa katika historia ya miji yetu. Mahali pa maskini huachwa pachakae, kisha uchakavu wenyewe hufanywa kuwa hoja ya kuwaondoa. Tangu enzi za ukoloni, afya ya umma ilitumiwa kama kisingizio cha kuwatenga Waafrika pembezoni mwa miji, na msamiati wa siku zile haujafa: bado twasikia juu ya kusafisha mji, kuurembesha, na kuuondolea vibanda. Kea anaonyesha kwamba neno "uchafu" katika kinywa cha mtawala halielezi hali ya mahali tu, bali ni hukumu juu ya watu wa mahali hapo.

Jambo la pili la kusifiwa ni uchaguzi wa wachongaji. Sudi anatakiwa kuchonga sanamu ya shujaa kwa ajili ya sherehe za uhuru, naye anakataa. Msomaji wa Machakos hawezi kulisoma tukio hili bila kukumbuka Wamunyu, mahali ambapo uchongaji wa Wakamba ulikua ukawa kazi ya kibiashara katika karne ya ishirini. Mchongaji anajua kwamba kinyago huuzwa mbali na mahali kilipochongwa, na kwamba anayekinunua hahitaji kumjua aliyekichonga. Ndivyo Sagamoyo inavyotaka kufanywa: pazuri kwa wageni, pasiwe na wenyeji.

Basi sasa tuitazame Machakos. Mji huu, uliopata jina lake kutokana na Masaku, ulikuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza wa bara kabla ya Nairobi. John Ainsworth alitawala kutoka hapo tangu 1892. Reli ilipopita mbali na mji, na makao hayo yakahamishiwa Nairobi mwaka 1899, Machakos ilipata funzo la mapema: thamani ya mahali yaweza kuamuliwa na njia iliyochorwa na watu wasioishi hapo. Wazee wa Ukamba husimulia kwamba Syokimau, mwanamke mwaguzi, alitabiri nyoka mrefu atakayevuka nchi. Leo jina lake ni la mtaa ulio kando ya reli. Kituo cha treni cha Syokimau kilifunguliwa mwaka 2012. Reli mpya ya kutoka Mombasa ikafika hapo mwaka 2017. Na mwaka 2022 barabara ya juu yenye urefu wa kilomita 27 hivi ikaiunganisha Mlolongo na Westlands, Nairobi. Upande wa pili, ekari 5,000 za Konza zilitengwa kwa ajili ya mji wa teknolojia uliozinduliwa Januari 2013. Kwa hiyo nyoka wa Syokimau si mmoja tena, na kila mmoja wao ameongeza bei ya ardhi alikopita.

Katika kaunti hiyo hiyo tumeshuhudia ubomoaji wa aina anayoijua Kea. Mnamo Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau juu ya ardhi iliyodaiwa kuwa ya mamlaka ya viwanja vya ndege. Mnamo Oktoba 2023 nyumba zilibomolewa Mavoko, karibu na mto Athi, juu ya ardhi ambayo mahakama iliamua kuwa ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Mara zote mbili, wengi waliopoteza nyumba walisema kwamba walikuwa wamenunua viwanja vyao kwa fedha halali. Yafaa tujiulize: katika matukio haya, Majoka ni nani? Yuko mwuzaji wa kwanza aliyeuza kisicho chake, yuko aliyepima viwanja, yuko aliyetoa kibali cha kujenga, yuko aliyeunganisha umeme, na yuko mnunuzi mwenyewe aliyeharakisha kununua kabla bei haijapanda. Kila mmoja alishika sehemu ndogo ya tendo, na jumla ya sehemu hizo ndiyo iliyowaleta watu mbele ya tingatinga. Tamthilia yenye mwovu mmoja haiwezi kuubeba ukweli huu bila kuupunguza.

Lakini ubomoaji, pamoja na ukatili wake, si njia pekee ambayo kwayo mtaa hubadilisha watu wake. Kuna njia nyingine iliyo tulivu zaidi. Tuchukue mfano wa kawaida. Mwenye kiwanja ana safu ya vyumba vya kupangisha, ambavyo watu wa mjini huviita ploti. Barabara inapokaribia, watu wenye mishahara ya Nairobi huanza kutafuta nyumba upande huo. Mwenye ploti hahitaji kuwa mtu mbaya. Huenda ni mwalimu mstaafu, huenda ni mjane anayesomesha watoto kwa kodi hiyo. Anapandisha kodi kidogo, kisha kidogo tena. Hatimaye anachukua mkopo, anavunja vyumba vilivyokwisha kubaki vitupu, na kujenga ghorofa. Siku vyumba vinapovunjwa hakuna anayelia, kwa kuwa waliokuwa wakiishi humo walikwisha kuondoka mmoja mmoja, kila mwisho wa mwezi, na vitu vyao juu ya mkokoteni. Hakuna kamera, hakuna umati langoni, hakuna Tunu. Mtaa umepandishwa hadhi, ila wakazi wake hawakupanda nao.

Wataalamu wa miji wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass alieleza jinsi mitaa ya wafanyakazi mjini London ilivyokuwa ikichukuliwa na watu wa tabaka la kati hadi sura yote ya mitaa ikabadilika. Hali ya Machakos si nakala ya hali ya London, kwa maana hapa wengi wa wanaoondoka ni wapangaji wa chumba kimoja, na aghalabu aliyewapangishia ni mwenyeji mwenzao. Hata hivyo kiini ni kimoja: nguvu inayohamisha watu ni bei.

Hapa lugha yetu yenyewe inatoa msaada ambao mwandishi hakuutumia. Katika Kiswahili, neno "kodi" lina maana mbili. Raia hulipa kodi kwa serikali, na mpangaji hulipa kodi kwa mwenye nyumba. Katika Kigogo kodi inayolalamikiwa ni ile ya kwanza. Ile ya pili haikupewa nafasi katika mgogoro, ilhali ndiyo inayomgusa mchuuzi kila mwezi baada ya kutoka sokoni. Vivyo hivyo kitenzi "kupanga". Anayechora ramani ya mji anapanga, na anayeishi katika chumba cha mwingine anapanga pia. Wote wawili huitwa wapangaji. Lakini mpangaji wa kwanza huketi mezani mpango unapofanywa, na mpangaji wa pili huusikia mpango kwa njia ya notisi. Ukinzani wote wa mji wa leo umo ndani ya neno hili moja, na mtunzi wa jukwaa, ambaye malighafi yake ni maneno ya vinywa vya watu, angeweza kuujengea onyesho zima.

Sheria nayo inathibitisha kwamba tofauti hii si ya maneno matupu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sheria ya ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu waliokalia ardhi kinyume cha sheria. Sheria hizi zinamtazama mtu anayefukuzwa. Kwa anayesukumwa na bei iko Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ambayo inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mtu yeyote aliyetafuta chumba Mlolongo, au katika mji wa Machakos wenyewe, anajua ni vyumba vingapi vingali chini ya kiwango hicho. Kwa hiyo sheria, kama tamthilia, inaliona tingatinga vizuri kuliko inavyoiona kodi.

Huenda mtu akapinga na kusema kwamba tunamdai mwandishi kitabu ambacho hakukusudia kukiandika. Kwamba Kigogo ni istiara ya utawala, wala si taarifa ya nyumba za kupanga. Pingamizi hili lina uzito, na tungelikubali kama mwisho wa tamthilia usingekuwa kama ulivyo. Mwishoni umati unakusanyika, Kingi anakataa amri ya kuwapiga raia risasi, na nguvu za Majoka zinakwisha. Hadhira inaachwa na imani kwamba soko sasa limerudi kwa wenyewe. Lakini ardhi ile ingali pale pale, katikati ya mji, na thamani yake haikuanguka pamoja na Majoka. Soko litakaposafishwa na kuezekwa upya, kama haki inavyodai, kibanda kitapewa nani, na kwa kodi gani? Mwuza mboga wa jana ataweza kuilipa? Tamthilia inafunga pazia mahali ambapo swali gumu linaanza. Si kwamba mwandishi alipaswa kulijibu. Alipaswa kutoliziba.

Tena si kweli kwamba kodi ya nyumba haiwezi kuwa kiini cha kazi ya sanaa. Meja Mwangi, katika riwaya yake ya Kiingereza The Cockroach Dance ya 1979, alimweka Dusman Gonzaga ndani ya Dacca House, jengo bovu la Nairobi, akamkabilisha na mwenye nyumba aitwaye Tumbo Kubwa. Vyoo, maji, msongamano na siku ya kulipa kodi ndivyo vinavyoisukuma hadithi. Ni kweli kwamba Tumbo Kubwa naye amechorwa kwa kutiwa chumvi, lakini uhusiano uliomo ni ule hasa wa mpangaji na mwenye nyumba. Katika Kiswahili, hata riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014), yenye upeo mpana kuliko Kigogo, inapofika kwenye suala la makazi ya mjini inatuonyesha ubomoaji wa majumba katika mtaa wa Tononokeni. Tingatinga lina kishindo, na kishindo humvuta mwandishi. Kodi haina kishindo, na kwa hiyo yahitaji sanaa ya subira: mazungumzo ya mlangoni, hesabu za daftari la duka, mtoto anayebadilishiwa shule katikati ya muhula.

Hili si suala la wahakiki peke yao. Kwa miaka kadhaa hadi 2022 Kigogo ilisomwa na wanafunzi wa shule za upili nchini kote, na wengi wao ni watoto wa wapangaji. Wamefundishwa kwamba dhuluma ya mjini ina uso, ina jina, na huja na askari. Somo hilo ni la kweli kwa watoto wa Mavoko wa 2023. Lakini mtoto ambaye wazazi wake wanahama kwa sababu kodi imepanda hajapewa lugha ya kulielezea jambo lililompata. Atadhani kwamba wazazi wake walishindwa na maisha, na ataona aibu badala ya kuuliza maswali.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wanaoendelea kuitumia Kigogo wasiishie kwenye orodha ya sifa za Majoka, bali wawaulize wanafunzi soko la Chapakazi litakuwa la nani miaka mitano baada ya ushindi. Pili, idara za lugha zikusanye msamiati na masimulizi ya wapangaji wenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, katika mitaa ya Machakos, Athi River na Mlolongo, kabla wasimulizi hawajatawanyika. Waandishi wetu wamekwisha kutuonyesha nyumba inavyoanguka. Kazi iliyobaki ni kutuonyesha nyumba iliyosimama imara, yenye rangi mpya, na kutuambia ni nani aliyekuwa akiishi mahali pake.