Istilahi kama Mizani ya Utafiti wa Dini

Mkaazi wa Tanga akitajiwa Nguvumali hukumbuka kata iliyomo jijini mwake. Msomaji wa vitabu vya dini na mila hukumbuka jambo jingine: Swifa ya Nguvumali, utenzi wa Hasani bin Ismail unaomsifu mganga aliyekuwa mashuhuri kwa kufichua wachawi. Utenzi huo ulihaririwa na kufasiriwa na Peter Lienhardt, mwanaanthropolojia wa Oxford, ukachapishwa mwaka 1968. Hatukusudii hapa kuhakiki ushairi wake. Tunalouliza ni hili: utafiti wa kitaaluma juu ya dini na itikadi za watu upimwe kwa mizani gani?

Kwa kawaida vyuo hutazama mbinu za mtafiti, marejeo yake na hadhi ya jarida lililomchapisha. Vipimo hivyo ni halali, lakini havitoshi. Kwa maoni yetu kipimo kinachotangulia vyote ni istilahi. Maneno ya mtafiti yakirudishwa katika lugha ya wenye imani, je, wenyewe watajitambua humo?

Tuanze na kitabu cha Lienhardt. Kwa Kiingereza kinaitwa The Medicine Man, jina ambalo Wazungu walizoea kuwaita watabibu wa wenyeji wa asili wa Marekani. Neno "mganga" ni pana kuliko hilo. Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari aliyesomea udaktari. Mganga wa tiba asili anatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Yuko pia mganga wa pepo, yuko mpiga ramli, na yuko mwalimu wa chuo anayeandika kombe mgonjwa akanywa. Jina moja la Kiingereza haliwezi kuwabeba wote. Hata hivyo, Lienhardt ana sifa ambayo wengi hawana: aliichapisha matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri yake. Msomaji akiwa na shaka aweza kurudi kwenye asili akaamua mwenyewe. Mtafiti anayetupa tafsiri peke yake hutunyima haki hiyo.

Jambo hili si la wasomi tu. Mwaka 2009, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilisitisha leseni za waganga wa jadi. Hatua hiyo ilimgusa mchimba mizizi wa kutibu homa sawa na mpiga ramli anayechonganisha majirani. Ripoti ya utafiti isiyotenganisha kazi hizo haimsaidii mtumishi wa umma anayetakiwa kutunga amri.

"Uchawi" nao una mashaka yake. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Waazande, alitumia maneno mawili ya Kiingereza: moja kwa nguvu anayozaliwa nayo mtu, la pili kwa madhara yafanywayo kwa dawa. Waazande wenyewe hutofautisha mambo hayo. Kiswahili husema "uchawi" kwa yote mawili. Mtafiti akiyaleta maneno yale pwani bila ya kuuliza, huwatwika watu mgawanyo usio wao.

Mfano wa tatu unatoka pwani ya Tanga. Mwaka 1969 Robert F. Gray alichapisha makala juu ya Wasegeju, akaliacha neno "shetani" kama lilivyo katikati ya Kiingereza chake. Alifanya vema. Lakini mfasiri atakayeirudisha anwani yake kwa Kiswahili neno kwa neno atapata "ibada ya shetani", na msomaji, awe Mwislamu au Mkristo, ataelewa kwamba Wasegeju humwabudu Ibilisi! Katika mazungumzo ya pwani shetani aweza kuwa pepo tu, anayepungwa kwa ngoma ili mgonjwa apate nafuu. Tafsiri inayofaa ni "uganga wa pepo".

Wala kosa si la wageni peke yao. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, aliyateua maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" yawe istilahi za nadharia yake ya wakati, akidai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Ushahidi wake wa kisarufi, lakini, aliutoa katika Kikamba na Kikikuyu. Mswahili husema "zamani hizi" akiwa na maana ya siku hizi. Huhesabu kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Na huitaja akhera kila siku. Nadharia yaweza kutetewa kwa hoja nyingine, lakini Kiswahili hakiishuhudii. Okot p'Bitek wa Uganda alikwisha kulalamika mwaka 1970 kwamba wataalamu huivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Twaongeza kwamba hata vazi la Kiswahili laweza kumpwaya asiyepimwa.

Kwa hiyo tunapendekeza wanaohakiki kazi za namna hii wazingatie mambo matatu:

(a) Neno la asili liandikwe, pamoja na maelezo ya nani alilisema na katika shughuli gani.

(b) Mgawanyo wa dhana ufuate matumizi ya wenyeji. Semi "uchawi wa kuzaliwa nao" na "uchawi wa dawa" zitumike tu pale ambapo jamii inayochunguzwa inatofautisha hivyo.

(c) Miongoni mwa wapimaji awemo angalau mmoja anayeijua lugha hiyo vizuri, naye airudishe tafsiri katika asili yake kabla ya kazi kupitishwa.

Wasomaji wetu, hasa walimu na wafasiri wa Tanga, Pangani na Mkinga, wanaombwa kutuletea maneno ya uganga na ya ibada yanayotumika kwao, pamoja na sentensi za mfano. Orodha ya namna hiyo itamfaa mtafiti kabla hajaandika, na itamfaa mhakiki akiisha kuandikiwa.