Mwanamke wa Mwenge: kavunjika, au tumemtazama vibaya?

Juzi kwenye soko la vinyago pale Mwenge, katikati ya michoro ya twiga na Wamasai wanaoruka, nilikuta picha ya mwanamke iliyochorwa kwa nyeusi, nyeupe na kijivu tu. Haina saini. Jicho moja linakutazama, la pili ni la mtu aliyegeukia pembeni. Pua imenyooka kama rula, shingo ni pembetatu, kiganja kimeshika shavu.

Dada mmoja aliyesimama jirani akasema, "Huyu kapigwa na mumewe." Muuzaji akacheka. Mie sikucheka, maana nami ndivyo nilivyowaza.

Mtindo huu ni kubizimu. Picasso na Braque waliukuza Paris, baada ya Picasso kuona vinyago vya Afrika vya kuvaa usoni kwenye makumbusho ya Trocadéro mwaka 1907. Havikuwa vya Wamakonde wetu, lakini huyu mama kutundikwa jirani na mpingo si ugeni kihivyo. Na anayeona maumivu ana hoja: mwaka 1937, kwenye Guernica, Picasso alitumia rangi hizihizi kuulilia mji uliopigwa mabomu.

Ila tazama mdomo. Kwenye Guernica, mama aliyebeba mtoto aliyekufa kaachama, ulimi umechongoka. Huyu wa Mwenge kafumba mdomo, mabega yako sawa. Uso umekatwa vipande, sawa, lakini kila kipande kimetulia.

Nilimkumbuka mama mdogo wangu wa Mbagala, enzi zile akikaanga vitumbua. Wateja walimjua kwa kicheko. Aliyedai kodi alimjua kwa ukali. Usiku, akihesabu sarafu, alikuwa na uso ambao sisi watoto tulijifanya tumelala ili tusiuone. Picha ya kawaida ingechagua mmoja. Hii imejaribu yote, na imekaribia, japo kile kiganja ni kizuri mno, kama cha tangazo la losheni.

Kipigo kipo mitaani kwetu, sikatai. Ila tukimpa kila mwanamke asiyesomeka kirahisi hadithi hiyo hiyo moja, tutakuwa hatujamtazama.

Nikamwonyesha yule dada mdomo. Akatazama tena, safari hii kwa muda. "Basi kachoka tu," akasema.

Hapo tukakubaliana nusu. Wewe ungemsomaje?