Sifa za Smalltalk, Lugha Iliyokosa Wanagenzi

Lugha za kompyuta, ingawa umri wa zile kongwe haujatimia miaka mia, zimekwisha kuwa na wazee, mayatima na marehemu. Na miongoni mwao imo moja, Smalltalk kwa jina, ambayo mafundi waliobaki nayo hukutana Ulaya kila mwaka, wakajuliana hali, wakaonyeshana kazi za mikono yao, na katika mazungumzo yao hawakosi kuulizana: vijana tutawapata wapi? Alisikiaye swali hilo kwa mbali hudhani kuwa ni kilio cha watu walioachwa na wakati. Mimi sithubutu kusema hivyo, kwa kuwa nilijaliwa kumtazama fundi mmoja wa lugha hiyo akiwa kazini, na niliyoyaona kwake nayakosa kwa wengi wanaozitumia lugha zinazosifiwa leo katika kila shule na kila afisi.

Alikuwa akitunga programu ndogo ya maktaba. Aliandika sentensi ya kumwuliza mwazimaji ni vitabu vipi alivyovichelewesha, ilhali hakuwa amekwisha kumfundisha mwazimaji yule namna ya kujibu. Kisha, kwa makusudi na bila wasiwasi, akaiendesha programu huku akijua kwamba itakwama. Katika lugha nyingi programu ya namna hiyo hufa papo hapo, ikamwachia mwenyewe mistari ya lawama aisome na kuanza tena tangu mwanzo. Hii ilisimama tu. Dirisha lilifunguka kumwarifu kuwa ujumbe haukufahamika, na ndani ya dirisha hilo kila kitu kilikuwapo kama kilivyokuwa wakati ule wa kukwama: jina la mwazimaji, orodha ya vitabu vyake, tarehe ya kila kimoja. Fundi alibonyeza kitufe cha kuunda jibu lililokosekana, akaliandika mle mle ndani ya dirisha la kosa, mistari mitatu mifupi, huku akivitazama vitabu vyenyewe katika orodha ili asije akakisia. Halafu akabonyeza kitufe cha kuendelea, na programu ikashika njia yake kutoka mahali iliposimama, ikataja vitabu viwili vilivyochelewa.

Nilimwuliza tarehe ilijuaje kuhesabu siku. Fundi mwingine angalinipa kitabu, au angalinijibu kuwa hayo ni mambo ya ndani yasiyotuhusu. Huyu aliigusa tarehe, akanifunulia maandishi yanayoiongoza, na kutoka hapo akashuka hadi kwenye namba, na kutoka kwenye namba hadi kwenye kweli na uongo. Maana katika lugha hii hata hukumu ya kuchagua njia moja na kuiacha nyingine ni ujumbe unaopelekewa kweli au uongo, na kila mmoja wao hujibu kwa tabia yake. Yote yameandikwa kwa lugha ile ile ambayo mwanagenzi anajifunza, na kanuni zake ni chache hata wapenzi wake husema kuwa zinaenea katika kadi moja ya posta. Ukiiomba theluthi, hukupa theluthi kamili, isiikate kuwa desimali. Ukiiomba zao la namba zote tangu 1 mpaka 100, hukuandikia tarakimu 158 pasipo kupunguza hata moja. Ina inda zake pia: 3 + 4 * 2 kwayo ni 14, kwa kuwa kila ujumbe hupokewa kwa zamu yake, na mgeni aliyefundishwa shuleni kuwa jibu ni 11 huona amedhihakiwa. Wazee hufurahia mshangao huo kupita kiasi, na nadhani wamewapoteza wageni wengi kwa furaha hiyo.

Laiti wangalikumbuka lugha yao ilizaliwa kwa ajili ya nani. Katika maabara ya kampuni ya Xerox iliyofunguliwa Palo Alto, California, mwaka 1970, Alan Kay aliwaza kompyuta ya kubebwa mkononi ambayo mtoto angeitumia kusoma, kuchora na kutunga, katika zama ambazo kompyuta zilikuwa mali ya serikali na makampuni makubwa. Aliwekeana dau na wenzake kwamba lugha yenye nguvu kuliko zote yaweza kuelezwa katika ukurasa mmoja, na mwaka 1972 Dan Ingalls akaifanya rai hiyo iwe kitu kinachotembea. Adele Goldberg naye akawa miongoni mwa waliowaleta watoto wa shule za mji ule kuijaribu. Katika watoto hao alikuwamo msichana wa miaka 12 aliyetunga programu ya kuchorea picha, na kisha akawafundisha lugha hiyo wanafunzi wenzake. Mara nyingi humfikiria binti yule. Hakuna aliyemwahidi mshahara, wala hakusomewa fadhila za lugha hii juu ya nyingine. Alipewa mashine, akapewa mtu wa kumwuliza, akatengeneza kitu alichokitaka nafsi yake, na ujuzi ukamjaa hata ukamwagikia wenziwe. Kama iko njia nyingine ya kupata wanagenzi, mimi siijui.

Yaliyofuata ni masimulizi ya kusikitisha. Mwezi wa Agosti 1981 jarida la Byte liliitangaza Smalltalk kwa walimwengu, na juu ya jalada lake likachora puto likipaa kutoka kisiwani. Lakini puto lile lilitua katika nyua za matajiri. Makampuni yaliiuza kwa maelfu ya dola kwa kila mwandishi mmoja wa programu, benki na makampuni ya bima yakainunua, na mtoto aliyekusudiwa tangu mwanzo akabaki nje. Ilipotolewa lugha ya Java mwaka 1995 bila ya bei, hata IBM, iliyokuwa ikiuza Smalltalk yake yenyewe, iligeuza uso ikaelekea huko, na umati ukaifuata. Wakati huo huo wengine walikuwa wakichota kisimani bila ya kutaja mchimbaji: madirisha yanayofunikana juu ya kioo yalitokana na maabara ile, lugha za Objective-C na Ruby ziliazima namna ya kupelekeana ujumbe, na ada ya kuandika majaribio madogo ya kuipima programu kila inapoguswa, ambayo leo kila kijana huiona kuwa ya kawaida, ilienea kutokana na kazi ya Kent Beck katika Smalltalk kabla ya kupelekwa Java.

Hata kwetu Afrika ya Mashariki lugha hii imepita, ikapita kimya. Kompyuta ndogo za kijani na nyeupe, zile za XO, ambazo Rwanda iligawia watoto wa shule za msingi kwa maelfu mengi, zilichukua ndani yake Etoys, uwanja wa kuchezea na kutungia uliojengwa juu ya Squeak, na Squeak ni Smalltalk iliyofufuliwa mwaka 1996 na Kay na Ingalls pamoja na wenzao, ikatolewa bure. Scratch nayo, ambayo mamilioni ya watoto wamejifunzia kutunga programu, ilijengwa juu ya Squeak ilipotoka mwaka 2007, na baadaye ikahamishiwa kwingine. Watoto wa Kigali na wa vijijini, basi, waliibeba mikobani lugha waliyotungiwa. Lakini mashine peke yake haimwambii mtoto kuwa anaweza kuifungua akaona chini yake, na mwalimu ambaye mwenyewe hakuonyeshwa hawezi kumwonyesha mwingine.

Leo milango imefunguliwa tena. Tangu mwaka 2008 iko Pharo, Smalltalk nyingine, iliyolelewa hasa katika taasisi ya Inria mjini Lille, Ufaransa. Haina bei, vitabu vyake husomwa bure, na masomo yake yako katika intaneti kwa kila atakaye. Vijana hata hivyo ni wachache, na lawama ni ya pande zote mbili. Kijana wa sasa hukata kipande hapa akakibandika pale, au huiagiza akili mnemba imwandikie, na programu ikiishatembea hana haja ya kujua kwa nini inatembea; lugha inayojivunia kuonyesha undani wake itampendeza vipi mtu asiyetaka kutazama ndani? Wazee, kwa upande wao, waliitegemea methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wakakaa wakingojea wanunuzi, na kila mgeni alipobisha hodi wakampokea kwa kumbukumbu za dhuluma: haya yote tuliyafanya sisi kwanza. Ni kweli tupu, na haina faida kwa mtu aliyekuja kujifunza. Siku hizi wengine hujaribu kuwavuta vijana kwa habari za ajira, ilhali katika soko la ajira lugha yao ni maskini. Wanashindana kwa kile wasicho nacho, na kile walicho nacho, ile raha ya kulirekebisha kosa programu ikiwa hai mbele ya macho, hawakionyeshi.

Lugha hii ina ada ya kuhifadhi kila kitu katika faili moja: madirisha yaliyo wazi, sentensi iliyokatizwa katikati, hesabu ambayo haijamalizika, hata ukirudi baada ya miaka hukuta kazi pale pale ulipoiacha, na yamo katika faili za leo mambo yaliyorithiwa, nakala kwa nakala, kutoka Palo Alto. Ustadi wa fundi, ambao ni kujua wapi pa kuiacha programu ikwame na nini cha kuitazama inapokwama, haumo humo. Huo hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu ila kwa saa nyingi za subira, na waliobaki wenye kuweza kuzitoa saa hizo wanapungua, huku sisi tukiendelea kuita kufundishana kwa namna hiyo kupoteza wakati.